Tiba na Zindiko: Uhakiki wa Alama za Uhai katika Dungeons & Dragons

1. Matini isiyozoeleka

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea riwaya, tamthilia, ushairi na ngano. Kitabu cha kanuni za mchezo hakimo katika orodha hiyo, na huenda msomaji akashangaa kukikuta katika kurasa hizi. Hata hivyo, mchezo wa kuigiza wahusika mezani ni aina ya utambaji. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao, msimamizi, hueleza mahali na maadui. Wengine husema na kutenda, kila mmoja kwa niaba ya mhusika wake. Na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu hurushwa. Mtambaji na hadhira ni watu wale wale. Kitabu cha kanuni hakitambi kisa chochote, bali huamua ni visa gani vinavyoweza kutambwa: nani atakufa, nani atapona, baada ya muda gani na kwa gharama ya nani. Kanuni ya uponyaji, basi, ni jambo la maudhui kabla ya kuwa jambo la hesabu, ingawa hesabu yenyewe haikwepeki na itafanywa hapa chini bila kuona haya.

Matini inayochunguzwa ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Mchezo huo ndio mzazi wa utanzu mzima, na matoleo yake ya zaidi ya miaka 50 yanamwezesha mhakiki kulifuata swali moja likijibiwa kwa njia mbalimbali: aliyeumizwa apone vipi bila hatari kupoteza maana? Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba waandishi wa kanuni wameitazama tiba kwa makini kuliko kinga, na kwamba sehemu ya kosa inatokana na jina. Kitu ambacho kwa tabia yake ni zindiko kimeitwa uhai.

2. Kinachopotea mtu anapopigwa

Kila mhusika ana idadi fulani ya alama za uhai. Pigo huzipunguza, zikifika sifuri, mhusika huanguka. Arneson alieleza kwamba wazo hilo alilitoa katika kanuni zake za michezo ya vita vya manowari za chuma, na asili hiyo bado inaonekana. Manowari haizami kwa kombora la kwanza, na mizinga yake huendelea kufyatua hadi maji yatakapoimeza. Vivyo hivyo, askari mwenye alama 1 kati ya 40 hupiga upanga kwa nguvu ile ile ya mwenye alama zote 40. Hachechemei, hatetemeki, haoni kizunguzungu. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani karibu kila tatizo litakalojadiliwa linaota kutoka hapo.

Mwaka 1979, katika Dungeon Masters Guide, Gygax alifafanua kwamba alama hizo si nyama na damu tu. Ndani yake mna ustadi wa kukwepa, bahati, hata ulinzi wa miungu. Kwani haiingii akilini kwamba shujaa mzoefu anaweza kuchomwa mikuki mingi kuliko farasi na bado akasimama. Maelezo hayo ni ya busara, lakini yaliacha mgongano. Ikiwa kilichopotea ni bahati, dua iitwayo ya kutibu majeraha inarudisha nini? Na kwa nini dua ile ile imponye kabisa mwanafunzi wa vita, lakini kwa shujaa iwe kama tone katika mtungi? Wachezaji wameishi na mgongano huo kwa nusu karne bila kuudai ufumbuzi, jambo ambalo si geni kwa mtu anayejua ngano: hadhira haiulizi sungura alijifunza wapi kusema.

3. Gharama ya kupona, toleo hadi toleo

Katika matoleo ya mwanzo, jeraha lililipwa kwa muda. Kasisi wa ngazi ya kwanza wa mwaka 1974 hakuwa na dua hata moja. Katika kanuni za 1979, mapumziko ya siku nzima yalirudisha alama moja, na majuma manne mfululizo ya kulala yalimrudishia yeyote uzima wake wote. Gygax alisisitiza katika kitabu hicho hicho kwamba kalenda ya mchezo itunzwe kwa ukali, na hapa ndipo fani na maudhui vilipokutana: mwezi mmoja kitandani ulikuwa mwezi ambao maadui walijenga kuta, na hazina ilichukuliwa na wengine. Jeraha lilikuwa na matokeo katika kisa ingawa halikuwa na matokeo katika mkono ulioshika upanga.

Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000, baada ya kampuni ya Wizards of the Coast kuinunua TSR mwaka 1997. Humo gharama ilihamia mfukoni. Fimbo ndogo ya kutibu majeraha madogo, yenye matumizi 50, iliuzwa kwa vipande 750 vya dhahabu. Kila tumizi lilirudisha wastani wa alama 5,5. Fimbo nzima ni alama 275, yaani chini ya vipande vitatu kwa alama moja. Kwa wahusika waliokwisha kupora mapango mawili matatu, hiyo ni bei ya chumvi. Wachezaji waliigundua hesabu hiyo upesi, na tangu hapo, kila vita vilipokwisha, fimbo ilizungushwa kama birika la kunawia mikono, na kundi likaingia chumba kinachofuata likiwa zima.

Toleo la nne la mwaka 2008 ndilo lililofikiri zaidi kuhusu jambo hili, na pengine ndilo lililoeleweka kidogo kuliko yote. Gharama ilitolewa mfukoni ikatiwa mwilini. Kila mhusika alipewa akiba ya siku ya nguvu za kujiponya, askari 9 na mchawi 6, pamoja na nyongeza ya siha yake. Kila sehemu ya akiba ilirudisha robo ya alama zake zote. Dua ya kasisi, kwa kawaida, haikuleta kitu kutoka nje: ilifungua akiba ya mgonjwa mwenyewe. Akiba ikiisha, hata kasisi bora alikuwa na machache ya kufanya. Isitoshe, kipimo cha robo kilimaliza ule mgongano wa zamani, kwani shujaa na mwanafunzi walipona kwa uwiano mmoja. Kilichowaudhi wasomaji wengi ni jemadari, mhusika asiye na dua wala dawa, aliyewainua wenzake kwa kuwapigia kelele za kuwatia moyo. Ilisemwa kwamba kelele haifungi kidonda. Waliosema hivyo walikuwa wamesahau ufafanuzi wa 1979. Kama alama ni pamoja na moyo wa kupigana, jemadari alikuwa na haki zaidi ya kuzirudisha kuliko fimbo.

Toleo la tano, mwaka 2014, lilirudisha amani kwa kulegeza. Usingizi wa saa nane hurudisha alama zote. Jeraha halivuki usiku. Kitabu cha msimamizi cha toleo hilo kinampa hiari ya kugeuza usiku huo kuwa siku saba, na kuwapo kwa hiari hiyo kunaonyesha kwamba waandishi walijua vema ni kamba ipi waliyoilegeza.

4. Rungu la zimwi

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, husema wahenga. Zimwi la vitabu hivi halimjui mtu. Katika toleo la 2014 pigo la rungu lake huondoa alama 13 kwa wastani. Kasisi wa ngazi ya kwanza mwenye nyongeza ya 3 akitumia dua ya kutibu majeraha hurudisha wastani wa 7,5, na dua hiyo humgharimu tendo lake lote katika raundi. Kumtibu mwenzake aliye mbele ya zimwi, basi, ni kutia maji kwenye pakacha.

Kanuni nyingine inaongeza ubaya. Alama za uhai haziendi chini ya sifuri. Askari aliyebaki na alama 1 akipigwa pigo la 13, hupoteza 1, na zile 12 hupotea hewani, isipokuwa ziada iwe sawa na jumla ya uhai wake au zaidi, hapo hufa papo hapo. Aliyeanguka hurusha dadu ya nyuso 20 kila raundi. 10 au zaidi ni heri, chini yake ni shari, na shari tatu ni mauti. Lakini kasisi anaweza kutamka neno la uponyaji kutoka mita 18, bila kupoteza tendo lake, na askari akapata wastani wa alama 5,5. Shari zake zote zinafutwa. Anainuka na kupiga kwa nguvu zake zote, kama ile manowari.

Matokeo ya hesabu hii hayana shaka: anayemtibu majeruhi kabla hajaanguka anapoteza mali, na anayengoja aanguke anapata faida, kwani zimwi limepoteza alama 12 bure. Mchezaji mwerevu hujifunza hivyo katika mikutano miwili ya kwanza. Kisa kinachozaliwa ni cha ajabu. Mtu anaanguka, anainuka, anaanguka, anainuka, mara nne katika mapambano ya dakika moja, na mganga amesimama pembeni akimngoja mgonjwa wake azimie ndipo amhudumie. Hakuna ngano, ya bara wala ya pwani, ambayo mganga wa namna hiyo angeitwa mwema.

Mchezo wa Pathfinder, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, ulikuwa na jibu fupi. Anayeinuliwa kutoka ukingo wa mauti hubaki na alama ya kujeruhiwa, na akianguka tena huanza akiwa karibu zaidi na kufa. Kuanguka kumepewa kumbukumbu. Ndiyo kanuni fupi kuliko zote zilizotajwa humu, na hakuna sababu ya kuficha kwamba ndiyo bora.

Dungeons & Dragons wenyewe ulichukua njia nyingine katika vitabu vya 2024: dadu za tiba ziliongezwa mara mbili. Dua ya kutibu majeraha ya kasisi yule yule sasa hurudisha wastani wa 12, karibu na pigo la rungu. Kutibu mapema kumekuwa uamuzi unaoweza kutetewa, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, neno la uponyaji nalo limekua, na kuanguka bado hakuachi hata mkwaruzo.

5. Kinga inayoitwa uhai

Pembeni mwa tiba kuna alama za uhai za muda. Jina lake la Kiingereza ni la maneno matatu, na mawili ya mwisho ni yale yale yanayotaja alama za uhai. Humfanya msomaji aamini kwamba ni uhai wa aina moja, ila wa kupita. Kanuni zenyewe zinalikanusha jina. Alama hizo hazijumlishwi: mwenye 5 akipewa 8 huchagua moja kati ya hizo, hapati 13. Hazimwinui aliyeanguka. Tiba haiwezi kuzirudisha zikipungua. Pigo huzila kwanza kabla ya kugusa mwili, na muda wake ukiisha hupotea, ziwe zimetumika au hazikutumika.

Kiswahili kingevitenga vitu hivi tangu mwanzo. Upande mmoja kuna kuganga, kutibu na kuponya. Upande wa pili kuna kukinga, kukaga na kuzindika. Ukali wa methali ya "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" unatoka katika kuvuka mpaka huo kwa makusudi, kwani yajayo kwa kawaida hayagangwi, hukingwa. Tiba hutazama nyuma, zindiko hutazama mbele. Anayezindika hajui kama mwizi atakuja wala atapita mlango gani. Anaweka mali yake rehani juu ya jambo lisilojulikana. Hapo ndipo penye uzuri wa kanuni hii inapotumiwa vizuri. Deraya ya Agathys, kwa mfano, hugharimu nafasi moja ya dua na kutoa alama 5 kwa muda wa saa moja. Anayeipiga kwa karibu hupatwa na baridi ya alama 5. Aliyejivika ni lazima ajitokeze mbele apigwe ili deraya ilipe. Kinga imekuwa ujasiri. Vivyo hivyo kipaji cha kiongozi ahutubuye: katika kanuni za 2014, hotuba ya dakika 10 kabla ya vita iliwapa hadi watu sita alama sawa na ngazi yake na nyongeza ya mvuto wake. Waliomcheka jemadari wa 2008 hawakukicheka kipaji hiki, ingawa ni maneno matupu vilevile. Labda kwa sababu maneno yaliyotangulia vita yanakubalika kuwa kinga, nayo yakija baada ya jeraha yanataka kuitwa tiba.

Kasisi wa Machweo, aliyechapishwa mwaka 2020 katika Tasha's Cauldron of Everything, ndiye anayeonyesha kosa. Tangu ngazi ya pili anaweza kutandaza duara la giza jepesi la mita 9 kila upande, kwa dakika moja, yaani raundi 10. Kila mwenzake anayemaliza zamu ndani yake anaweza kupewa alama za muda: dadu ya nyuso 6 pamoja na ngazi ya kasisi, wastani wa 5,5. Wenzake wakiwa watatu, pamoja na yeye, ni alama 22 kwa raundi. Kasisi wa ngazi hiyo ana nafasi tatu za dua kwa siku nzima. Akizitumia zote kutibu majeraha kwa kanuni za 2014, hurudisha wastani wa 22,5. Ni kweli kwamba si wote hupigwa kila raundi, na alama ambazo hazikuliwa haziongezeki. Kwa hiyo 22 ni kilele, si wastani. Lakini raundi ni 10, na duara hutandazwa tena baada ya mapumziko ya saa moja, bila nafasi hata moja ya dua kutumika.

Kanuni ya kutojumlisha, iliyowekwa ili kuizuia kinga isiwe uhai wa pili, haina la kufanya hapa. Ilikusudiwa kuzuia lundo, na kasisi huyu halundiki, anajaza upya. Ni sawa na kumkataza mtu kubeba mitungi miwili huku amesimama kisimani.

Athari yake mezani ni mbaya kuliko tarakimu. Mapigo madogo hayafiki mwilini, kwa hiyo maadui wadogo hawana maana. Msimamizi hulazimika kuleta wakubwa, ambao pigo lao huvunja zindiko na mwili kwa pamoja, na wa kwanza kulipa ni yule aliyetoka nje ya duara, mara nyingi mpelelezi au mpiga mishale. Katikati ya mchezo wa kitoto na mauti hakubaki kitu.

Yapo ya kumtetea. Kwa miaka mingi mchezaji wa kasisi alikuwa mtumishi wa meza: wenzake walitenda, yeye alipiga viraka. Toleo la 2000 lilijaribu kumsaidia kwa kumruhusu kugeuza dua alizoziandaa ziwe za kutibu, ili asilazimike kuandaa tiba tupu tangu asubuhi. Kasisi wa Machweo amekombolewa kabisa. Anatandaza duara lake na kuendelea na mapigano yake. Lakini aliyekombolewa utumwa amenyang'anywa pia uamuzi. Kasisi wa zamani mwenye dua moja na majeruhi wawili alikuwa na jambo la kusema mbele ya wenzake, na mara nyingi hapo ndipo kisa kilipokumbukwa kwa miaka. Huyu hamchagui mtu.

Katika desturi za wasemaji wengi wa Kiswahili, zindiko haliji peke yake; huja na miiko. Historia inayo mifano mizito. Maji waliyopewa wapiganaji wa Maji Maji katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani tangu 1905, na dawa waliyopewa wapiganaji wa Simba mashariki mwa Kongo mwaka 1964, viliandamana na makatazo, na kinga iliposhindwa ilisemwa kwamba mwiko umevunjwa. Watu walikufa katika vita hivyo, na si vema kuviweka karibu na dadu kwa wepesi. Vinatajwa kwa sababu moja: dhana ya zindiko imebeba sharti ndani yake. Deraya ya Agathys ina sharti. Hotuba ya 2014 ilikuwa na sharti, kwani anayeshambuliwa ghafla hana dakika 10. Duara la Machweo lina sharti la kukaa ndani tu, na hilo ni sharti la mwavuli.

Dalili zipo kwamba waandishi wameliona jambo hili. Vitabu vya 2024 havikumweka kasisi huyu miongoni mwa njia nne za msingi za ukasisi. Mganga wa Mwezi, ambaye katika kanuni za 2014 aliweza tangu ngazi ya pili kugeuka dubu mwenye alama zake 34, na akiporomoka akageuka tena, sasa hupata katika ngazi ya tatu alama 9 za muda anapojigeuza. Uhai wa pili umepunguzwa ukawa zindiko, tena zindiko la kiasi. Wachezaji waliomzoea dubu wamelalamika, na malalamiko yao yanaeleweka. Lakini dubu wa alama 34 katika ngazi ya pili alikuwa ndugu wa lile duara.

Mfasiri atakayezitia kanuni hizi katika Kiswahili siku moja atafika kwenye neno hili na kutaka kuandika "uhai wa muda", kwa uaminifu kwa Kiingereza. Kabla hajaandika, na atazame karatasi ya mhusika ya mwaka 2014. Alama za uhai zina kisanduku chao. Chini yake pana kisanduku cha pili, kilichochorwa peke yake, kwa ajili ya zile za muda. Mchoraji alikwisha kuvitenganisha. Kilichobaki ni kuandika "zindiko" katika kisanduku cha chini.